Ulichomimina Sicho Kilichomo Ndani ya Miseli: Mwongozo wa Kupima Mchanganyiko wa Safaktanti ya Kationi na Isiyo na Ioni

Chukua mrija wa jaribio, utie mmumunyo wa asilimia 1 wa Triton X-100, safaktanti (molekuli ya jamii ya sabuni) isiyo na ioni, kisha uutumbukize kwenye maji unayoyapasha polepole. Mpaka nyuzi 60 za Selsiasi hakuna jipya; mmumunyo ni mng'avu kama maji ya kunywa. Ukikaribia nyuzi 65 hali inageuka ghafla, mrija mzima unakuwa kama maji yaliyodondoshewa maziwa. Utoe upoe, nao unang'aa tena. Joto limelegeza maji yaliyokuwa yameshikamana na minyororo ya oksidi ya ethilini, miseli, yaani vikundi vya molekuli za Triton, zikaanza kugandana, na mmumunyo ukataka kujigawa sehemu mbili.

Sasa ongeza CTAB, safaktanti ya kationi, kidogo, kiasi cha milimola 1 kwa lita, upashe tena. Nyuzi 65 zinapita, 70 zinapita, na mrija bado unang'aa. Tia chumvi ya kula ya kutosha, ukungu unarudi kwenye joto la chini.

Jaribio hili halihitaji mashine yoyote, nami nampa kila anayeanza kazi hii kabla hajashika kifaa kingine. Linaonyesha jambo zito kwa macho matupu: CTAB haikukaa pembeni kutengeneza miseli zake. Imeingia ndani ya miseli za Triton, ikazipa chaji chanya, na miseli zenye chaji moja zinasukumana badala ya kugandana. Chumvi inapoingia, ioni zake zinaziba chaji hiyo na msukumano unapungua.

Linalobaki ni swali la kiasi. Ukichanganya nusu kwa nusu, je, ndani ya miseli nako ni nusu kwa nusu? Jibu ni hapana, na tofauti yenyewe si ndogo. Mwongozo huu unakupeleka hatua kwa hatua mpaka uweze kulitoa jibu hilo kwa namba zako mwenyewe, na kujua namba hizo zinastahili kuaminiwa kiasi gani.

Maneno machache kabla ya kuanza

Safaktanti ni molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakwepa. Ya kationi ina kichwa chenye chaji chanya, na daima inafuatana na ioni hasi. Kwa CTAB ioni hiyo ni bromaidi. Isiyo na ioni haina chaji; kichwa chake aghalabu ni mnyororo wa oksidi ya ethilini. Molekuli hizi zikiwa chache majini, kila moja hutembea peke yake au hukimbilia usoni mwa maji. Zikizidi kiwango fulani hukusanyika, mikia ndani na vichwa nje, zikawa miseli. Kiwango hicho cha ukolezi ndicho CMC, na kazi yetu yote inazunguka hapo.

Katika mwongozo huu α ni sehemu ya moli ya safaktanti ya kationi katika jumla ya safaktanti uliyotia kwenye chupa. x ni sehemu yake ndani ya miseli. Anayezichukulia herufi hizi mbili kuwa kitu kimoja ataharibu kila hesabu inayofuata.

Hatua ya 1: Chagua jozi na halijoto

Nitatumia CTAB, yaani heksadesiltrimethilamonia bromaidi, pamoja na Triton X-100. Zimepimwa mara nyingi, kwa hiyo una mahali pa kulinganishia. CMC ya CTAB katika maji safi ni karibu milimola 0.9 kwa lita. Ya Triton X-100 ni kati ya 0.2 na 0.3. Kama uko Umoja wa Ulaya, kumbuka kwamba tangu Januari 2021 matumizi ya Triton X-100 yanahitaji kibali, kwa kuwa ikivunjika huacha oktilifeno inayovuruga homoni za viumbe. Hapo tumia C12E8, safaktanti nyingine isiyo na ioni, ambayo pia ina sifa nzuri ya kuwa molekuli ya aina moja. Triton ni mchanganyiko wa minyororo mirefu na mifupi yenye wastani wa vipande 9 hadi 10 vya oksidi ya ethilini, ndiyo maana kona yake kwenye grafu ya Hatua ya 5 si kali kama ya C12E8.

Halijoto: fanya kazi kwa nyuzi 30, usifanye kwa 25. CTAB ina halijoto ya Krafft inayokaribia nyuzi 25, na chini ya hapo haiyeyuki kiasi cha kufikia CMC. Anayepima kwa 25 anaweza kuacha chupa iking'aa jioni, akaikuta asubuhi ina fuwele kama sindano chini, huku ukolezi alioandika kwenye lebo si ukweli tena. Ukiona sindano hizo, pasha chupa mpaka ziishe, tikisa taratibu, ndipo uchote. Kwa bahati nzuri, Triton ikiingia kwenye mchanganyiko hushusha halijoto ya Krafft, kwa hiyo mchanganyiko hausumbui kama CTAB peke yake.

Hatua ya 2: Osha vyombo kana kwamba kipimo kimeshaanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu majibu mengi mabaya niliyoyaona yalizaliwa kwenye sinki.

Uso wa kioo ndani ya maji una chaji hasi, na CTAB ina chaji chanya. Kwa hiyo CTAB inaling'ang'ania bika, pipeti na flaski, hasa kwenye mimumunyo hafifu iliyo chini ya CMC, ambako kiasi kidogo kinachopotea ni sehemu kubwa ya kile ulichotia. Dawa yake ni nyepesi: suuza chombo kwa mmumunyo uleule utakaoupima, mwaga, rudia mara mbili, kisha jaza. Uso wa kioo utakuwa umeshakunywa ulichotaka.

Jambo la pili ni sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni nyingi zina safaktanti hasi, na safaktanti hasi ikikutana na ya kationi hushikamana kwa nguvu kubwa kuliko chochote unachotaka kupima hapa. Mabaki usiyoyaona kwa macho yanatosha kuishusha CMC yako. Osha kwa ethanoli, kisha maji ya moto mengi, kisha maji yaliyosafishwa. Maji ya kupimia nayo yawe na upitishaji umeme usiozidi mikrosimensi 1 au 2 kwa sentimita, na mvutano wa uso wa karibu milinyutoni 71 kwa mita kwa nyuzi 30. Maji yakisoma 68, usiendelee. Tafuta uchafu uliko.

Hatua ya 3: Tengeneza mimumunyo ya akiba

Uzito wa moli wa CTAB ni gramu 364.45. Kwa mililita 100 za milimola 10 kwa lita, pima gramu 0.3645. Vaa barakoa na miwani. Unga huo unawasha macho na pua. Triton X-100 ina wastani wa takriban gramu 625 kwa moli, kwa hiyo gramu 0.625 kwa ujazo huohuo. Pima Triton kwa mizani, kamwe usiipime kwa pipeti, kwani ni nzito kama asali na nusu yake itabaki imegandamana ndani ya ncha. Iache iyeyuke yenyewe kwa kukoroga polepole. Ukitikisa kwa nguvu utapata povu, na povu ni safaktanti iliyotoka kwenye mmumunyo ikakaa juu ya alama ya flaski.

Kisha changanya mimumunyo hiyo miwili. Mililita 70 za CTAB na 30 za Triton zinakupa mchanganyiko wa α = 0.7 wenye jumla ileile ya milimola 10. Tengeneza mitano: 0.1, 0.3, 0.5, 0.7 na 0.9. Pamoja na safaktanti mbili zikiwa peke yake, unakuwa na mistari saba ya kupima. Usichukue CMC za vitabuni kuwa C₁ na C₂ zako, yaani CMC ya kila safaktanti ikiwa peke yake. Pima zako mwenyewe, kwa chupa hizohizo na siku hizohizo.

Hatua ya 4: Bashiri kwanza

Mwaka 1975 mtafiti Clint alitoa kanuni rahisi ya mchanganyiko ambao safaktanti zake mbili hazipendani wala hazichukiani:

1/C = α/C₁ + (1 − α)/C₂

C ni CMC ya mchanganyiko, C₁ ni CMC ya kationi, C₂ ya isiyo na ioni. Tuseme vipimo vyako vimetoa C₁ = 0.90 na C₂ = 0.24. Kwa α = 0.5 unapata 0.556 + 2.083 = 2.639, kwa hiyo C = 0.379. Kwa α nyingine: 0.1 inatoa 0.259, 0.3 inatoa 0.308, 0.7 inatoa 0.493, 0.9 inatoa 0.706.

Tazama namba hizo vizuri. Hata bila mvuto wowote kati ya molekuli, mchanganyiko wenye asilimia 50 ya CTAB unabaki karibu zaidi na Triton kuliko na CTAB. Isiyo na ioni ndiyo inayoamua, kwa sababu ndiyo inayotangulia kujikusanya. Anayelinganisha CMC yake na wastani wa kawaida wa 0.90 na 0.24, ambao ni 0.57, atatangaza mvuto mkubwa ambao haupo. Kulinganisha ni na Clint.

Ubashiri huu pia unakusaidia kupanga vipimo. Ukianza na mililita 50 za maji na kuongeza mmumunyo wa akiba wa milimola 10, ukolezi baada ya kuongeza ujazo V ni 10·V/(50 + V). CMC ya 0.38 itatokea karibu V = mililita 2. Endelea mpaka mara tatu ya CMC, yaani kama mililita 7, ili mstari wa upande wa pili uwe na nukta za kutosha. Kwa kuwa unaongeza mchanganyiko uliokwisha kuchanganywa, α haibadiliki njia nzima.

Hatua ya 5: Pima mvutano wa uso

Hiki ndicho kipimo cha kutegemea kwa jozi hii. Ongeza kidogo, koroga polepole bila kutoa povu, subiri, soma. Kusubiri ni sehemu ya kipimo: kwenye ukolezi mdogo molekuli huchukua dakika nyingi kufika usoni na kutulia. Soma kila baada ya dakika tano, na ukubali namba pale tu masomo mawili yanapofanana.

Kifaa cha bamba la platinamu kina mtego wake kwa safaktanti za kationi. Hesabu yake inadhani kwamba maji yanalilowesha bamba kabisa. CTAB inaweza kujibandika kwenye bamba na kugeuza mikia yake nje, na bamba linaanza kuyakataa maji. Kifaa kitasoma mvutano mdogo kuliko ulivyo, nawe utadhani safaktanti yako ni kali mno. Namna ya kugundua: inua bamba utazame. Likitoka na utando wa maji uliosambaa sawasawa, sawa. Likitoka na matone matone, somo hilo halifai. Lichome kwenye moto wa gesi mpaka liwe jekundu, lipoe, urudie. Ukiwa na kifaa cha tone linaloning'inia, kitumie hicho. Tone halina bamba la kuchafuka.

Chora mvutano dhidi ya logi ya ukolezi. Utaona mstari unaoshuka, kisha unaolala. Mahali mistari hiyo miwili inapokutana ndipo CMC. Triton peke yake hulala karibu na 30 au 31, CTAB juu kidogo, kwenye 36 hadi 38, na michanganyiko katikati. Ukiona mstari unashuka, unafika shimoni, kisha unapanda kidogo kabla ya kulala, kuna uchafu unaopenda uso kuliko safaktanti yenyewe. Safisha CTAB kwa kuifuwelisha upya, usilifiche shimo hilo kwa kuchora mstari juu yake.

Hatua ya 6: Upitishaji umeme, kwa tahadhari

Kifaa cha kupima upitishaji umeme ni cha bei nafuu na kinapatikana karibu kila maabara, ndiyo maana watu hukikimbilia. Kirekebishe kwa mmumunyo wa potasiamu kloridi wa mola 0.01, unaosoma mikrosimensi 1413 kwa sentimita kwa nyuzi 25.

Kwa CTAB peke yake ni kizuri sana. Chini ya CMC mteremko ni mkali, kwa sababu kila molekuli inaleta ioni mbili huru. Juu ya CMC mteremko unashuka hadi kama robo, kwa sababu bromaidi nyingi zinabaki zimeshikwa kwenye uso wa miseli. Uwiano wa mteremko wa pili kwa wa kwanza unakupa makadirio ya sehemu ya bromaidi iliyo huru.

Katika mchanganyiko, vichwa visivyo na chaji vinakaa katikati ya vichwa vyenye chaji na kuvitenganisha. Chaji kwenye uso wa miseli inapungua msongamano, bromaidi zinaachiliwa, na mteremko wa pili unapanda kuelekea wa kwanza. Kona inafifia. Kwa α = 0.9 bado utaiona, kwa 0.7 utaiona kwa shida, kwa 0.3 utakuwa unachora kona unayoitaka wewe. Basi tumia upitishaji umeme kwa α kubwa tu, na uutumie zaidi kuonyesha jinsi bromaidi zinavyoachiliwa. Kwa CMC yenyewe rudi kwenye mvutano wa uso.

Hatua ya 7: Tafuta x na β

Tuseme mchanganyiko wa α = 0.5 umekupa C = 0.29, wakati Clint alisema 0.379. Miseli zimejikusanya mapema kuliko zilivyotarajiwa, kwa hiyo kuna mvuto. Mwaka 1979 Rubingh alionyesha namna ya kuupima:

x²·ln[αC/(xC₁)] = (1 − x)²·ln[(1 − α)C/((1 − x)C₂)]

Huwezi kuitoa x kwa mkono moja kwa moja. Fungua jedwali la kompyuta, andika pande mbili za mlinganyo, na ubahatishe x mpaka zilingane. Anza na jibu la Clint, αC/C₁, ambalo kwa C ya 0.379 ni 0.21, kisha upande.

Kwa x = 0.30, upande wa kushoto ni −0.056 na wa kulia −0.072. Kwa x = 0.32, ni −0.070 na −0.055. Umeshapita. Kwa x = 0.31, zote mbili ni −0.063. Basi x = 0.31.

Hilo ndilo jibu la swali la mwanzo. Ulimimina asilimia 50 ya CTAB, na miseli za kwanza zina asilimia 31 tu. Bila mvuto zingekuwa na 21.

Sasa β, kipimo cha mvuto:

β = ln[αC/(xC₁)]/(1 − x)²

Unapata −0.654/0.476, yaani karibu −1.4. Alama ya kutoa maana yake ni kwamba molekuli hizi mbili zinapatana vizuri zaidi zikiwa pamoja kuliko kila moja na aina yake. Kwa kationi na isiyo na ioni, β kati ya −1 na −3 ni ya kawaida. Ukipata −8, usishangilie. Rudi Hatua ya 2 ukatafute mabaki ya sabuni.

Mvuto huu unatoka wapi? Sehemu kubwa yake, kwa kweli, ni nafuu: vichwa vya CTAB vinasukumana vikiwa jirani, na kichwa cha Triton kikiingia katikati kila mmoja anapumua. Safaktanti hasi ikichanganywa na isiyo na ioni aghalabu hutoa β iliyo hasi zaidi kidogo kuliko ya kationi, kwa sababu oksijeni za mnyororo wa oksidi ya ethilini zinaweza kushika ioni chanya na kuufanya mnyororo uelekee uchanya kidogo, hali inayoipendeza safaktanti hasi lakini si ya kationi.

Hatua ya 8: Jaribu kuibomoa β yako

Hatua hii mara nyingi inarukwa, na mimi naiona ya lazima. Chukua C yako na uisogeze kwa asilimia 5, juu na chini, kisha rudia hesabu. Katika mfano wetu, C = 0.305 inatoa β ya −1.14. C = 0.275 inatoa −1.62. Asilimia 5 ni kosa ambalo hata mpimaji makini anaweza kulifanya anapochora mistari miwili kwenye grafu, na tayari β imetembea karibu nusu nzima. Kwa hiyo anayeandika β = −1.378 anadai usahihi ambao hana. Andika −1.4, na uweke mipaka yake.

Hatari hii inakuwa kubwa zaidi x inapokaribia sifuri au moja. Kwa α = 0.1, Clint anasema miseli zina asilimia 3 tu ya CTAB. Hapo karibu unapima Triton, na β itakayotoka ni kelele tupu. Michanganyiko inayokupa β imara kwa jozi hii ni ile ya α = 0.7 na 0.9, ambako x iko katikati. Ile ya 0.1 ipime kwa ajili ya kuchora mkunjo wa CMC, lakini usiiingize kwenye wastani wa β.

Kuna dai moja zaidi la kuchungwa. Wengine wakiona β hasi huandika kwamba mchanganyiko ni bora kuliko kila safaktanti peke yake. Hua na Rosen waliweka masharti mawili kwa CMC: β iwe hasi, na ukubwa wake uzidi ule wa ln(C₁/C₂). Hapa ln(0.90/0.24) ni 1.32, na β yetu ni 1.4 kwa ukubwa, ikiwa na mashaka ya robo kila upande. Sharti la pili limeguswa ukingoni tu. Na kweli, 0.29 si ndogo kuliko 0.24 ya Triton. Sema mvuto upo. Usiseme mchanganyiko umeishinda Triton.

Ukumbuke pia kwamba hesabu ya Rubingh haizijui bromaidi. Inahesabu safaktanti tu, wakati kiasi cha ioni majini kinabadilika kila α inapobadilika. Njia nzuri ya kulipunguza tatizo hili ni kufanya vipimo vyote, pamoja na vya C₁ na C₂, ndani ya mmumunyo wa sodiamu bromaidi wa ukolezi mmoja. C₁ itashuka sana, C₂ itabadilika kidogo, na β itasogea. Namba za namna hiyo linganisha na namba za namna hiyo peke yake.

Hatua ya 9: Fuata miseli juu ya CMC

Asilimia 31 ni muundo wa miseli za kwanza kabisa. Ukolezi ukipanda, muundo unabadilika, na hapa ndipo mchanganyiko unapoonyesha tabia ambayo safaktanti moja haina.

Kwa ukolezi wowote uliozidi CMC, CTAB iliyobaki peke yake majini ni x·f₁·C₁, na Triton ni (1 − x)·f₂·C₂, ambapo f₁ = exp[β(1 − x)²] na f₂ = exp[βx²]. Bahatisha x, toa hizo mbili kwenye kile ulichomimina, kinachobaki ndicho kilicho kwenye miseli. Hesabu x upya, rudia mpaka itulie. Kwa mfano wetu, asilimia ya CTAB ndani ya miseli inakwenda hivi:

milimola 0.29: asilimia 31
milimola 0.5: asilimia 36
milimola 1: asilimia 41
milimola 10: asilimia 49

Kwa milimola 10 miseli zimeufikia karibu mchanganyiko uliomimina, kwa sababu karibu kila kitu kimo ndani yake. Lakini zitazame molekuli zilizobaki nje: CTAB ni milimola 0.31 na Triton ni 0.09, yaani karibu asilimia 78 ya zinazotembea peke yake ni CTAB. Kwenye CMC zilikuwa nusu kwa nusu. Kama kinachokuhusu ni kile kinachogusa uso wa kioo, wa nyuzi au wa chembe hai, hizo za nje ndizo zinazofika kwanza, na uwiano wake haufanani na lebo ya chupa wala na miseli.

Ndiyo maana kuchanganya maji kwenye mchanganyiko si kuupunguza nguvu tu. Ukiutoa kutoka milimola 10 hadi 0.5, miseli zinapoteza CTAB upesi kuliko Triton, kutoka asilimia 49 hadi 36, na chaji ya uso wake inapungua. Rudia jaribio la mrija kwa mchanganyiko wa asili na ule uliopunguzwa ukiwa na shaka. Na unapoandika matokeo, mbele ya kila x andika ukolezi wa jumla uliotumika. X isiyo na ukolezi wake hakuna msomaji atakayeweza kuirudia.

Ukimaliza, usimwage mabaki sinkini. CTAB ni sumu kali kwa samaki na viumbe wengine wa majini, hata ikiwa imechanganywa na maji mengi. Yakusanye kwenye chupa yenye lebo, pamoja na maji ya suuzo la kwanza, uyapeleke kwenye taka za kemikali.